Viatu vya Doto

Shangazi Milembe alipolifungua lile sanduku la bati wiki iliyopita, harufu ndiyo iliyotangulia kutoka: majani makavu ya mwarobaini, dawa ya kuchua misuli, na ngozi ya viatu ambavyo havijawahi kukanyaga nyasi. Tulikuwa tunatafuta shuka. Uani msiba ulikuwa umejaa watu, wanawake wanapepeta mchele, na sisi wawili tumepiga magoti chumbani kwa marehemu kama wezi. Niliivuta ile harufu mara moja tu, na utu uzima wangu wote ukaniacha pale pale. Nikawa tena mtoto wa Bariadi mwenye miguu ya vumbi, anayemsubiri baba yake arudi kutoka kwenye mpira.

Baba yangu hakuwa mchezaji. Niliseme hilo mapema, maana mimi mwenyewe nilichelewa mno kulijua. Mchezaji alikuwa pacha wake.

Walikuwa Kulwa na Doto, na kwa Msukuma majina hayo yanajieleza: Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, Doto akafuata. Bibi aliwalea kwa sheria moja ambayo hakuruhusu mtu aichezee: anachopata mmoja, apate na mwenzake. Kulwa akichapwa, Doto naye aliguswa na fimbo hata kama alikuwa amelala. Ndama akiitwa wa Doto, anayezaliwa baada yake alikuwa wa Kulwa, na usibishe. "Ukimpa mmoja ukamnyima wa pili," bibi alikuwa akisema, "unamwambia mmoja wao aondoke." Koo nyingine zina taratibu zao za mapacha, na wapo jirani zetu Wakristo waliotucheka. Bibi naye alikwenda kanisani kila Jumapili, akarudi, akapakua sahani mbili zinazolingana.

Kitu kimoja tu kilikataa kugawanyika, nacho ni mguu. Kulwa alijaliwa guu la kushoto ambalo watu wa Ngulyati walikuwa bado wanalisimulia nilipoanza kuelewa mazungumzo. Doto, baba yangu, alipiga mpira kama mtu anayefukuza kuku. Mwenyewe alikiri akicheka. Yeye alikuwa mtu wa jembe na pamba, na alimpenda pacha wake bila wivu hata wa kutafuta kwa tochi.

Kulwa alianzia timu ya jineri, kile kiwanda cha kuchambulia pamba. Enzi hizo chama cha ushirika kilikuwa bado na nguvu: kilinunua pamba, kilileta dawa na bomba za kupulizia, na kililisha timu. Kulwa aliandikwa kazi ya kupakia marobota, ila kazi aliyoifanya hasa ilikuwa kufunga magoli. Hayo nimesimuliwa. Ninachokikumbuka kwa macho yangu ni jezi yake ya jineri, kijani iliyopauka, namba tisa mgongoni, imekunjwa chini ya mto wa bibi. Aliiacha hapo siku alipoondoka, na bibi akailalia kila usiku.

Aliondoka kwa sababu jineri ilinyamaza. Soko lilifunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na malori na mizani zao, ushirika ukaanza kuyumba, mashine zikasimama. Timu nayo ikafa bila msiba wowote. Uwanja ukaota magugu, na vijana waliokuwa wakivaa jezi za jineri wakawa wanavaa za mtumba kutoka mnadani, zenye majina ya watu wa Ulaya mgongoni. Kulwa akaenda Mwanza kutafuta timu. Kutoka Mwanza akachukuliwa Dar es Salaam, ambako walimwita Ngosha kama wanavyomwita kila mwanamume wa kwetu. Dar ikampeleka Nairobi, Nairobi ikampeleka Zambia kwenye miji ya migodi, na Zambia ikamtupa Uarabuni. Alikuwa mshambuliaji wa kuazimwa. Akifunga sana, anauzwa; asipofunga, anaachwa; kwa vyovyote vile alikuwa anafunga mizigo.

Sisi tuliijua miji hiyo kwa vitu, maana Kulwa alinunua kila kitu mara mbili. Kimoja alibaki nacho, cha pili kilikuja kwa Doto, kimebebwa na dereva wa lori la pamba au na mfanyabiashara yeyote aliyekuwa anakuja kanda ya ziwa. Mwanza ilikuwa blanketi. Dar es Salaam ilikuwa redio. Nairobi ilikuwa chupa ya chai yenye maua mekundu. Uarabuni ikawa viatu vya mpira, vyeusi, vyenye meno chini, vinang'aa kama kichwa cha mtu aliyenyolewa leo. Baba alivivaa siku hiyo hiyo akatembea navyo uani, ka, ka, ka, akiacha matobo kwenye udongo uliofagiliwa. Bibi akamtazama.

"Doto, unanipalilia uani?"

Tulicheka mpaka mama akaangusha ungo. Baba akavivua, akavifuta kwa khanga ya mama, akavirudisha kwenye boksi. Alisema atavivaa siku Kulwa akirudi, wapige mpira wote wawili. Ndiyo mara pekee niliyomwona navyo.

Alikufa msimu wa kupulizia pamba. Zamani dawa ililetwa na ushirika, na mtu wa ushirika aliwaonyesha wakulima namna ya kuipima. Baada ya soko kufunguliwa, dawa iliuzwa na yeyote, mnadani, kwenye chupa za soda zisizo na maandishi. Baba alipuliza shamba zima na bomba mgongoni, linavuja, shati limelowa. Alirudi anatetemeka na mate yanamtoka. Walimbeba kumpeleka hospitali, wakamrudisha alfajiri amefunikwa. Hayo nayo nimeyajua ukubwani. Watu wengine walisema homa, wengine wakasema mkono wa mtu. Mimi nasema chupa ya soda, na hasira yangu juu ya hilo haijapoa mpaka leo.

Nilichokiona mimi, nikiwa sijaanza hata shule, ni hiki. Asubuhi ile niliamka nikakuta watu wengi wamejaa na hakuna anayelia. Bibi aliingia chumbani, akaivuta jezi ya kijani kutoka chini ya mto, akaikung'uta, akaikunja upya vizuri sana. Akawapa wazee waliosimama mlangoni.

"Mpeni hii aende nayo," alisema.

Kisha akatoka uani, akapaza sauti kwa watu wote. "Doto ameondoka. Sitaki kilio hapa. Anayetaka kulia akalilie kwake."

Muda mfupi baadaye shangazi Milembe, dada wa hao mapacha, alinifunga mgongoni akanipeleka Ngulyati kwa ndugu zake mama, nikakaa huko mpaka kila kitu kikaisha.

Maana yake, katika nyumba yetu, ilikuwa wazi kwa kila mtu mzima. Pacha aliyekufa haliliwi, kwa kuwa kilio kinamvuta aliyebaki. Na anazikwa na nguo ya mwenzake aliye hai, ili akiamka huko aendako aione, adhani wako pamoja, asirudi kumchukua. Lakini mimi nani aliniambia? Nilikuwa nimemwona mtu ambaye haliliwi na yeyote, amepewa jezi safi ya namba tisa, na imesemwa ameondoka. Angekwenda wapi? Alikuwa amekwenda kucheza mpira na Kulwa.

Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi sana. Nilikasirika kidogo kwamba alisahau viatu, nikamwambia mama kwamba huko atacheza pekupeku. Mama alinitazama, akachukua ndoo, akaenda kisimani, ingawa mtungi ulikuwa umejaa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Moshi," alisema.

"Kisimani kuna moshi?"

"Kabula, nyamaza ule michembe yako."

Siku hizi nami ni mke wa mtu, na ninapofikiria mama yangu akizuiwa kumlilia mumewe ndani ya nyumba aliyojengewa na mumewe, naona bibi alimtoza mama kodi kubwa mno kwa ajili ya Kulwa. Lakini bibi alikuwa amebakiwa na mmoja. Aliamini kabisa kwamba Kulwa akiisikia habari hiyo akiwa mbali, peke yake, kwenye nchi ya watu, atamfuata mwenzake kabla hajafika nyumbani. Ilibidi aambiwe kwetu, mlangoni, na mama yake amemshika mkono. Mpaka siku hiyo, kila msafiri aliyekuja na mzigo wa Kulwa alirudishwa na salamu zile zile: huku wote mhola, wazima. Na vitu viliendelea kuja viwili viwili. Mashati ya Doto yalikunjwa sandukuni na majani ya mwarobaini, na mezani bibi aliendelea kupakua sahani mbili.

Mimi nilikuwa na redio. Kila Jumamosi na Jumapili niliiweka kwenye kigoda kama baba alivyokuwa akifanya, nikasikiliza mtangazaji anavyopiga kelele, nikisubiri amtaje Doto. Hakumtaja. Nilidhani bado anakaa benchi. Kisha siku moja shangazi alinunua maandazi yaliyofungwa kwenye kipande cha gazeti, na mafuta yalipoenea kwenye karatasi nikamwona baba. Amesimama mstari wa nyuma, mikono kifuani, na wenzake kumi. Nilipiga yowe.

"Baba! Baba yuko kwenye gazeti!"

Shangazi akaichukua ile karatasi. Picha ilikuwa ya Kulwa, bila shaka, ila sura ilikuwa ile ile moja, na midomo ya shangazi ilianza kucheza.

"Na baba mkubwa yuko wapi?" niliuliza.

"Yuko... yuko nyuma. Amezibwa na yule mrefu."

Niliibandika ukutani kwa ugali wa baridi. Mama alilala chini ya picha ile miezi mingi, na sikuwahi kumsikia akilalamika.

Kulwa alituma habari kwamba anarudi moja kwa moja. Nyumba nzima ilishikwa na homa. Bibi alitandika ngozi ya ng'ombe mlangoni, akakoroga unga wa mtama kwenye kibuyu cha maji wa kumnyunyizia, akawaita wazee wawili wa ukoo, na akatupa maagizo: akishuka kwenye basi, salamu tu. Asiulizwe kitu, asijibiwe kitu. Akiuliza Doto yuko wapi, aambiwe yuko shamba. Shangazi aliagizwa akampokee. Mimi sikuagizwa kitu, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba nilikuwa na la kusema. Nilimng'ang'ania shangazi khanga mpaka akanichukua.

Basi liliingia stendi mchana, vumbi likatufunika wote. Shangazi alikuwa ng'ambo ya barabara anapatana na kijana wa mkokoteni wa kubebea mizigo. Mimi nilikuwa mlangoni mwa basi. Akashuka mwanamume mwenye sura ya baba, na moyo ukanipasuka kwa furaha, kisha nikaona anachechemea, anashuka ngazi kwa upande kama mzee. Alinuka dawa ya kuchua. Baba alikuwa na kovu la jembe kwenye kidole gumba cha mguu, na huyu, ndani ya kandambili zake, hakuwa nalo.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Usiniambie wewe ndiye Kabula!"

Nilikuwa natazama mlangoni. Alishuka mwanamke na kuku, akashuka mwalimu, wakashuka vijana wawili, akashuka kondakta mwenyewe, na basi likabaki tupu.

"Baba yuko wapi?" nikauliza.

"Baba yupi?"

"Baba Doto. Hamkuja wote?"

Akacheka. "Si nimemwacha kwenu hapa? Mimi ndiye niliyekuwa safari."

"Hapana. Alikuja huko kwako kucheza. Alichukua jezi yako ile ya kijani. Bibi aliitoa chini ya mto, akasema apewe aende nayo."

Hakuniuliza mara ya pili. Kulwa alifundishwa maana ya nguo hiyo akiwa mdogo kuliko nilivyokuwa mimi siku ile, wakiwa wamekaa na Doto, huku mama yao anawaambia wote wawili kwa pamoja. Kicheko kilibaki mdomoni kwake kidogo kama kitu alichosahau kukiondoa. Akakaa juu ya begi lake katikati ya stendi, watu wakimpita na magunia. Akalishika lile goti lake bovu kwa mikono miwili. Nilidhani linamuuma.

Kisha akaninyanyulia uso, na alichokifanya hapo ndicho ninachomheshimia kuliko magoli yote aliyofunga katika nchi za watu.

"Aa," alisema. "Ndiyo. Amebaki."

"Kwa nini amebaki?"

"Kocha amekataa kumwachia."

"Anacheza sana?"

"Sana. Hawawezi bila yeye."

"Atakuja lini?"

Akanivika kofia yake. "Ligi ikiisha."

Shangazi alipofika na mkokoteni alituona tumeshikana mikono. Kulwa alimsalimia, akauliza mvua zilikuwaje, hakutaja jina la pacha wake, na shangazi akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba mambo yanakwenda kama yalivyopangwa. Nilitembea njia nzima nimevaa kofia ya baba mkubwa, nikiwaambia watoto wote tuliopishana nao kwamba baba yangu amebaki Uarabuni, kocha hamwachii.

Mlangoni bibi alikuwa amesimama na kibuyu.

"Mwadila, ng'wana wane," alimsalimia mwanawe.

"Mwadila, mayu."

Alimkalisha kwenye ngozi, akamnyunyizia maji ya unga kichwani na magotini, akamshika mkono kwa nguvu. Mimi nilikuwa nimefukuzwa nikacheze, nikachungulia tu kutoka kwa majirani, mbali na maneno. Niliona bibi anasema. Niliona Kulwa anasikiliza mpaka mwisho, anainamisha kichwa kama mtu anayepokea habari kwa mara ya kwanza. Hakulia. Shangazi anasema alitamka shukrani moja tu: "Wabeja, mayu, kwa kuningoja." Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa akiamini kwamba yeye ndiye aliyemwambia.

Watu walimsema, watu hawakosi. Walimwona amerudi na goti la kuchechemea na mabegi mawili, wakasema mtembezi hula miguu yake. Bibi alisema goti lile liliumia msimu ule ule Doto alipoondoka, na kwamba ndiyo bei aliyolipa asichukuliwe mzima. Mimi sibishani na wafu. Ninachojua ni kwamba Kulwa alilichukua jembe la baba, akalima shamba la baba, akanisomesha, na hakukanyaga uwanja wa mpira tena. Vijana walikuja kumwomba awafundishe. Aliwapa viatu vyake vyote alivyochezea, jozi moja moja, ila boksi la Doto hakulifungua. Redio niliisikiliza mimi. Yeye alitoka nje mpira ukianza.

Nilikuwa msichana wa darasa la nne tulipokuwa tunapalilia pamba, yeye mstari wake, mimi wangu. Sikuwa nimeambiwa na mtu. Ni kitu kilichokuwa kimenijia polepole, kwa maneno ya shuleni, kwa jinsi mama alivyoitwa mjane na karani aliyekuja kuandikisha watu. Nikasimama.

"Baba mkubwa. Ligi imeisha?"

Jembe lake likasimama hewani, kisha akaliteremsha taratibu.

"Imeisha, mwanangu," alisema. "Iliisha zamani."

Midomo ikaanza kunitetemeka, na yeye akanijia haraka akichechemea, akanifunika uso kwa kiganja chake chenye udongo. "Usilie. Unasikia? Bibi yako akikuona atakufa kwa hofu. Mimi bado nipo." Nikalishika jembe langu. Tukamaliza mistari yetu, tukarudi nyumbani na kuni kichwani. Tangu siku hiyo sikumlilia baba yangu, nikiwa nyumbani wala nikiwa mbali, wala siku ya harusi yangu, Kulwa aliponitoa. Niliogopa kumpoteza wa pili. Nimesoma, nimeajiriwa, nimeishi mijini, na nikaendelea kuogopa.

Wiki iliyopita Kulwa naye aliondoka, kwa uzee na kifua, kitandani kwake. Ndipo tulipokuwa tumepiga magoti mbele ya sanduku, mimi na shangazi Milembe, ambaye sasa ni bibi mwenyewe. Chini ya mashati ya Doto, ambayo Kulwa hakuwa na pa kuyapeleka, tulikuta boksi. Viatu vilikuwa vyeusi vile vile. Kwenye meno ya kimoja kulikuwa bado na udongo wa uani kwetu.

Shangazi alivitoa kwenye boksi.

"Doto alikwenda na jezi ya mwenzake," alisema. "Huyu aende na viatu vya Doto. Wawe sawa."

Akavifunga kwenye shati, akampa mjukuu wake avipeleke kwa wanaume waliokuwa wanamwandaa marehemu. Nilibaki nimeshika boksi tupu. Nilikuwa nimekaza taya kama nilivyozoea, nikitazama ukuta ambako zamani ilikuwa ile picha ya gazeti. Shangazi akarudi, akaniona, akaninyang'anya boksi.

"Kabula. Unamwogopea nani sasa?"

Nikainama, nikaanza kuyakunja mashati.

"Hakuna aliyebaki wa kuvutwa," alisema. "Lia, mwanangu."

Nikalia mpaka wanawake wa uani wakaacha kupepeta mchele. Walidhani namlilia baba mkubwa, wakaja kunishika, wakaniambia pole, alikula chumvi nyingi. Lakini mimi nilimlilia baba yangu kwanza. Kulwa nilimlilia kesho yake, makaburini, ilipofika zamu yake.